Kabla ya Kutazama Joka, Soma Leseni

Milango ya ukumbi wa maonyesho ya Gen Con hufunguliwa Alhamisi saa nne asubuhi, na muda si mrefu foleni zinakuwa zimeshajipanga mbele ya meza za vitabu vipya. Gen Con ni maonyesho makubwa ya michezo ya mezani yanayofanyika kila kiangazi mjini Indianapolis, Marekani, kwa siku nne, na tangu 2023 yamekuwa yakipokea watu zaidi ya 70,000. Kwa wachapishaji wa michezo ya kuigiza mezani, ratiba ya mwaka mzima huzunguka tarehe hizo. Kitabu kikubwa kikichelewa kiwandani na kuikosa Gen Con, kimekosa soko na wasemaji wake kwa pamoja.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe: watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye anayeeleza mahali palivyo, nani yuko nyuma ya mlango, na nini kinasikika gizani. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na nguvu, ujuzi na mali za mhusika huyo zimeandikwa kwenye karatasi iliyo mbele yake. Mchezaji husema mhusika wake anataka kufanya nini. Jambo likiwa na mashaka, hurushwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Hakuna mshindi, na ubao si lazima. Kinachouzwa ni kitabu chenye kanuni, ulimwengu wa kubuni na picha za kutamanisha.

Picha hizo ndizo humvuta mgeni. Lakini mimi, kitu ninachokisoma kwanza katika kitabu kipya cha aina hii ni ule ukurasa wa maandishi madogo unaosema nani anaruhusiwa kuandika visa vyake juu ya kanuni zile na kuviuza. Ukiifuatilia historia ya matoleo makubwa ya Gen Con utaona kwamba mabadiliko ya kweli yameanzia kwenye ukurasa huo, na kwamba sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili tumepata humo haki ambayo bado hatujaitumia.

Gen Con ilianza Agosti 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Gary Gygax alikodi ukumbi wa Horticultural Hall, na watu karibu 100 wakaja kucheza michezo ya vita kwa wanajeshi wadogo wa sanamu. Miaka michache baadaye Dave Arneson, aliyekuwa akiishi Minnesota, alimwonyesha Gygax mchezo wake ambamo kila mchezaji aliongoza mtu mmoja badala ya jeshi zima, tena mtu anayerudi wiki ijayo akiwa na majeraha na mali aliyoipata. Kutokana na hapo, Januari 1974, likazaliwa toleo la kwanza la Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi lenye rangi ya mbao, nakala 1,000, zilizokusanywa kwa mikono nyumbani. Kampuni iliyolitoa, TSR, iliundwa na Gygax na rafiki yake Don Kaye, na fedha za kuchapisha zilikuja alipoingia Brian Blume. Vijitabu vile vilikuwa na mapengo mengi ya kanuni, kwa hiyo kila meza ililazimika kujitungia. Ubunifu wa mchezaji ulikuwa sehemu ya bidhaa tangu siku ya kwanza.

TSR ilipokua ilianza kuyaona matunda ya ubunifu huo kama mali yake. Katika miaka ya 1990 iliwatishia kisheria mashabiki waliokuwa wakiweka visa vyao kwenye intaneti. Hapa pana jambo la kisheria ambalo ni vizuri lieleweke. Hakimiliki ya Marekani hailindi mbinu ya kucheza mchezo. Inalinda maneno na picha zinazoieleza. Mtu yeyote anaweza kutengeneza mchezo wa kurusha dadu ya pande 20 na kuongeza ujuzi wa mhusika. Lakini wapi mbinu inaishia na maneno yanaanzia, hilo huamuliwa mahakamani, na mchapishaji wa watu wawili hana fedha za kufika huko. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa na haki, huogopa. Thamani ya leseni ya wazi ni kwamba inaiondoa hofu hiyo.

Ndiyo maana Agosti 2000 ni tarehe kubwa. Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua TSR mwaka 1997 na yenyewe kununuliwa na Hasbro mwaka 1999, ilileta toleo la tatu la Dungeons & Dragons kwenye Gen Con, wakati huo ikifanyika Milwaukee. Kitabu cha mchezaji kiliuzwa dola 19.99, bei ya chini kwa ukubwa wake. Pamoja nacho ilikuja Leseni ya Mchezo Huria, iliyosukumwa na Ryan Dancey, ambayo ilimruhusu yeyote kutumia kiini cha kanuni hizo katika kitabu chake na kukiuza bila kulipa ada. Matokeo yalionekana palepale ukumbini. Kitabu kipya kilipotoka, Green Ronin walikuwa na Death in Freeport cha Chris Pramas, na Atlas Games walikuwa na Three Days to Kill cha John Tynes, visa viwili vilivyoandikwa na watu wa nje kwa ajili ya kanuni ambazo umma ulikuwa ukizinunua kwa mara ya kwanza. Sijui tukio jingine katika uchapishaji wa michezo ambapo mwenye mali alifungua mlango na majirani wakaingia siku hiyohiyo wakiwa na bidhaa mkononi.

Miaka miwili baadaye, Atlas Games hao hao walitoa Nyambe cha Chris Dolunt, ulimwengu wa kubuni uliojengwa juu ya hadithi na jamii za Afrika. Naye asingeweza kukitoa bila leseni ile. Ni kazi iliyofanywa kwa heshima katika enzi ambapo Afrika kwenye michezo hii ilikuwa msitu na ngoma tu. Hata hivyo ilitungwa Marekani, kwa kukusanya makabila ya bara zima ndani ya bara moja la kubuni, na mtu wa pwani akiisoma hatakuta mji anaoujua.

Somo gumu zaidi lilikuja kati ya 2007 na 2009. Kampuni ya Paizo ilikuwa ikichapisha majarida ya Dragon na Dungeon kwa kibali cha Wizards. Mwaka 2007 kibali hicho kikaachwa kife, na Agosti ya mwaka huo, kwenye Gen Con, Wizards wakatangaza toleo la nne. Toleo hilo likaja na leseni mpya yenye masharti makali zaidi. Paizo wakajikuta hawana majarida, na hawana uhakika wa kuendelea kuandikia mchezo uliowalisha. Lakini leseni ya 2000 ilikuwa bado ipo, na kanuni za toleo la tatu zilikuwa bado ziko wazi. Wakazichukua, wakazirekebisha, wakazigawa bure kwa wachezaji ili wazijaribu na kutoa maoni kwa zaidi ya mwaka, na Agosti 2009 wakaleta Indianapolis kitabu cha kurasa 576 kiitwacho Pathfinder. Kilikwisha.

Kilichonivutia zaidi katika tukio hilo ni bei ya nakala ya kielektroniki. Kitabu cha karatasi kiliuzwa dola 49.99, faili lake dola 9.99. Aprili ya mwaka huohuo Wizards walikuwa wameondoa sokoni mafaili yao yote kwa kuhofia wizi. Kampuni kubwa ilifunga duka la kielektroniki, ndogo ikalifungua kwa moja ya tano ya bei ya karatasi. Kufikia 2011 ripoti za mauzo ya maduka ya Marekani zilikuwa zikiiweka Pathfinder mbele ya mchezo ulioizaa. Wachezaji walifuata mahali walipoaminiwa.

Wizards walijifunza, kwa muda. Toleo la tano la 2014 lilirudi chini ya leseni huria mwaka 2016, likawa maarufu kupita matoleo yote yaliyotangulia, na watunzi wadogo wengi wakapata riziki humo. Kisha, mwanzoni mwa Januari 2023, ikavuja rasimu ya leseni mpya. Ilikusudia kuifuta ile ya zamani na kudai hadi asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka kutoka kwa wachapishaji wakubwa zaidi. Hasira iliyofuata sijawahi kuiona katika fani hii. Watu walisitisha malipo yao ya kila mwezi kwenye huduma ya mtandaoni ya Wizards. Paizo wakatangaza kwamba wataandika leseni ya pamoja isiyomilikiwa na kampuni yoyote ya michezo, ndiyo inayoitwa ORC leo, na wakasema akiba ya vitabu waliyotegemea iwatoshe miezi minane ilikwisha kwa wiki mbili. Wizards walipotoa dodoso, majibu zaidi ya 15,000 yalirudi, na asilimia 88 ya waliojibu walisema hawataki kuchapisha chini ya masharti mapya.

Tarehe 27 Januari 2023 kampuni ikasalimu amri. Iliacha leseni ya zamani kama ilivyo, na ikauweka waraka wa kanuni za msingi za toleo la tano, kurasa takriban 400, chini ya leseni ya Creative Commons inayodai jambo moja tu: umtaje mwenyewe. Leseni hiyo haiwezi kufutwa. Anayeitumia anaweza kunakili, kubadilisha, kutafsiri na kuuza. Aprili 2025 kanuni za msingi za toleo la tano lililorekebishwa nazo zikawekwa chini ya leseni hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo toleo muhimu kuliko yote ya miaka hii, na halikuhitaji meza wala foleni Indianapolis.

Sasa tutazame matoleo ya karibuni tukiwa na historia hiyo kichwani. Mwaka 2024, mchezo ukitimiza miaka 50, Wizards walileta Gen Con nakala 3,000 za kitabu kipya cha mchezaji, wiki kadhaa kabla ya kuuzwa kila mahali tarehe 17 Septemba. Maduka huwa hayafurahii mtindo huu, na nayaelewa. Kwa kawaida mchapishaji humwuzia msambazaji kwa karibu asilimia 40 ya bei ya rafu, kwa hiyo kitabu cha dola 50 humpa takriban dola 20. Akikiuza mwenyewe ukumbini anapokea zote 50, ingawa lazima alipie kibanda, usafirishaji na hoteli. Mchapishaji anapata faida na sauti, na mwenye duka la mtaani anabaki kuwaambia wateja wake wasubiri.

Mwaka 2025 Paizo walizindua hapohapo toleo la pili la Starfinder, mchezo wao wa anga za juu, likiwa chini ya ORC na likitumia kanuni zinazopatana na zile za Pathfinder, hata mhusika wa mchezo mmoja aweze kuhamia mwingine. Draw Steel ya MCDM, iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 4 kwa harambee ya mtandaoni, ilitoka mwaka huohuo. Na Darrington Press, kampuni ya kundi la waigizaji wa Critical Role, walikuwa wametoa Daggerheart mwezi Mei; Juni wakawapata Chris Perkins na Jeremy Crawford, watu wawili waliokuwa nguzo za Dungeons & Dragons kwa miaka mingi. Ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China, uliofika asilimia 145 mwezi Aprili 2025 kabla ya kushushwa, uliwatikisa wachapishaji wa michezo ya boksi. Vitabu vilivyochapishwa viliachwa nje ya ushuru huo, na hilo liliwapa nafuu watu wa michezo ya kuigiza.

Daggerheart inastahili tukae nayo, kwa sababu inaonyesha jinsi kanuni ndogo inavyobadilisha hadithi. Tumpeleke mezani Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani yetu. Amefungwa gerezani, ana minyororo. Chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada, walinzi hukila, wakamwachia mkate wa wishwa, na ndani ya mkate huo mama yake ameficha tupa. Nje watu wanapiga ngoma ya gungu aliyoiomba mwenyewe. Mchezaji wa Liyongo anasema: nakata mnyororo.

Kwa kanuni za Dungeons & Dragons, msimulizi anaweza kuweka kiwango cha ugumu 15. Mhusika ana nyongeza ya 5, kwa hiyo anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi ya asilimia 55. Akipata, mnyororo umekatika. Akikosa, haujakatika. Kanuni imejibu swali moja, na mengine yote ni kazi ya msimulizi.

Kwa Daggerheart mchezaji hurusha dadu mbili za pande 12, moja ya Tumaini na moja ya Hofu, kisha hujumlisha. Jumla huamua kama amefaulu. Dadu iliyo juu huamua amefaulu vipi. Kati ya matokeo 144 yanayowezekana, Tumaini huwa juu katika 66, Hofu katika 66, na katika 12 dadu hulingana, jambo linalohesabiwa kuwa ufanisi mkubwa. Sasa Liyongo anaweza kukata mnyororo huku Hofu ikiwa juu. Yuko huru, lakini ngoma imenyamaza ghafla, mlinzi mmoja amesikia mkwaruzo, na msimulizi amepata akiba ya Hofu ya kutumia baadaye, labda siku ile mwanawe atakapokuja kumchoma kwa sindano ya shaba. Ushindi uliobeba gharama yake ndani yake: hivyo ndivyo visa vyetu vya mashujaa vilivyosukwa, na kanuni hii inavihudumia vizuri kuliko ile ya kufaulu au kushindwa. Kama mtunzi nimeipenda sana.

Lakini rudi kwenye ukurasa wa maandishi madogo. Daggerheart iko chini ya leseni iliyoandikwa na kampuni yenyewe, nyembamba kuliko Creative Commons. Mtu anaweza kuiandikia visa, ndani ya mipaka waliyoiweka wao. Ningekuwa namshauri kijana wa Tanga au Kisumu mahali pa kuwekeza miaka yake mitano ya uandishi, nisingemwambia aiweke hapo. Historia ya 2007 na ya 2023 inatosha kuonyesha kwamba kampuni njema leo inaweza kuwa na wakurugenzi wengine kesho. Kuipenda kanuni ni jambo moja, kujenga nyumba juu yake ni jingine, na wazo lenyewe la dadu mbili zenye majina mawili halizuiwi na hakimiliki. Mtunzi anaweza kulisuka upya kwa maneno yake.

Wapo wanaosema michezo hii si yetu, kwamba ni burudani ya watu wenye dola 50 za kitabu na jioni nne za bure kwa mwezi. Bei ni kikwazo cha kweli: kitabu hicho kikisafirishwa hadi Mombasa au Bujumbura, nauli peke yake humkatisha tamaa mwanafunzi. Lakini watu kukusanyika, mmoja akisimulia na wengine wakiitikia na kuamua, si jambo la kufundishwa pwani wala bara. Tulichokosa ni kanuni zilizoandikwa kwa lugha tunayochezea. Wizards wenyewe wameshatoa waraka wa toleo la tano kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, na leseni haimtaki mtu aombe ruhusa kwa yeyote ili kukiingiza.

Kurasa 400 ni nyingi kwa kuanzia, na sishauri kuanza nazo. Upo mchezo uitwao Cairn, wa Yochai Gal, kijitabu chembamba kinachopatikana bure na ambacho watu wa kujitolea wameshakitafsiri katika lugha nyingi. Leseni yake ni ya Creative Commons pia, yenye sharti kwamba utakachokitengeneza kutokana nacho ukiache wazi vilevile. Wahusika wake huundwa kwa dakika chache, kanuni zake hutoshea kichwani, na dadu zikikosekana karatasi zenye namba ndani ya kikombe zinafanya kazi ileile. Mwalimu wa fasihi anaweza kuchezesha gereza la Liyongo katika vipindi viwili, na wanafunzi wakatoka wakiwa wamebishana juu ya uaminifu wa Saada na usaliti wa mwana kuliko walivyowahi kubishana kwa kusoma tu.

Kwa hiyo naomba kwa watu wa aina tatu. Watafsiri, chukueni kijitabu kimoja kifupi mwaka huu mkimalize. Waandishi wa hadithi, andikeni kisa kimoja cha jioni moja, cha Pate, cha Ujiji au cha Kisangani, kikiwa na ramani na watu wenye majina, mkichezeshe mezani kabla ya kukichapisha. Wachapishaji, msikimbilie kununua haki za vitabu vikubwa vya Indianapolis. Ajirini mwanasheria wa hakimiliki kwa siku moja awasomee leseni za Creative Commons na ORC mstari kwa mstari, kisha anzeni na vile ambavyo vimeshawekwa wazi.